Albamu Isiyo na Dosari: Nani Anaipima, na kwa Kipimo Gani?

Katika uhakiki tuliofundishwa tangu sekondari kuna kichwa kidogo cha habari ambacho hakikosekani mwishoni mwa kazi: "Kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi." Mwanafunzi akishamaliza dhamira, migogoro, wahusika, muundo na mtindo, huandika mistari mitano ya kumsifu mwandishi na miwili ya kumkosoa, kisha hukabidhi karatasi. Sijawahi kumwona aliyethubutu kuandika kwamba mwandishi hakushindwa popote. Hata Shaaban Robert hapewi nafasi hiyo. Tunaona haya, kana kwamba mhakiki asiyepata kosa hakusoma sawasawa.

Wapenzi wa roki ya progresivu hawana haya hiyo. Wakutanishe wawili tu, uwape chai, na kabla chai haijapoa watakuwa wameshaanza: ni albamu ipi haina dosari hata moja? Mmoja atasema In the Court of the Crimson King ya King Crimson (1969). Mwingine atasema Close to the Edge ya Yes (1972). Wa tatu, ambaye hakualikwa, atadakia na The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd (1973), na hapo utazuka ubishi mwingine kama Pink Floyd ni progresivu au la. Mimi mwenyewe nimeshiriki ubishi huu mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mwenye mitihani mbele yake. Nilikuwa upande wa Pink Floyd, na nilitamka kwa kiburi kwamba albamu ile haina pa kuikamatia. Makala haya ni namna yangu ya kuifuta kauli ile, ingawa si kwa sababu walizonipa wapinzani wangu.

Kwa msomaji ambaye hajakutana na muziki huu, historia yake kwa ufupi ni hii. Mwishoni mwa miaka ya 60 vijana kadhaa wa Uingereza, baadhi yao wakiwa wamefundishwa piano ya kikale tangu utotoni, walichoshwa na wimbo wa dakika tatu wa ubeti, kiitikio, ubeti. Wakaichukua roki, wakaichanganya na muziki wa kikale wa Ulaya, jazi, nyimbo za jadi za Kiingereza, na ushairi wa kusoma kitabuni. Nyimbo zikarefuka hadi dakika 10, hadi 20. Vyombo vikaongezeka: filimbi, saksafoni, sintesaiza, na hasa melotroni. Melotroni ni kinanda ambacho kila kibonyezo chake huvuta utepe wenye sauti iliyokwisha rekodiwa, kwa mfano ya fidla nyingi kwa pamoja. Kwa hiyo mtu mmoja hupiga kama okestra nzima, ilimradi asishikilie noti moja zaidi ya sekunde 8 hivi, maana utepe unakwisha. Kilele cha mambo hayo kilikuwa kati ya 1969 na 1975. Kisha mwaka 1976 na 1977 wakaja vijana wa panki, na John Lydon wa Sex Pistols akavaa fulana ya Pink Floyd iliyoongezwa maneno ya kusema anawachukia. Kwa panki, dosari ilikuwa ni muziki wote mzima: urefu, majivuno, kuonyeshana ufundi. Hoja hiyo ni nzito na siijibu hapa. Anayeikubali hana haja ya kuendelea kusoma.

(Wapo pia wanaotaka Queen II ya mwaka 1974 iingizwe kwenye orodha, hasa huku kwetu, kwa kuwa Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Ni albamu nzuri. Lakini udugu ni kitu kimoja, na hukumu ni kitu kingine.)

Sasa basi, dosari ni nini? Katika ushairi wetu wa kimapokeo swali hili lina jibu. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954 alituachia kipimo ambacho hata mtoto anaweza kukitumia: hesabu mizani, kagua vina, tazama kama ubeti umejitosheleza. Kikipungua kitu, shairi ni guni. Unaweza kuipenda sheria hiyo au kuichukia, lakini dosari yake inahesabika kwa vidole. Ndiyo maana Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 ubishi ulikuwa mkali kiasi kile. Wapo waliokataa kuyaita mashairi mabaya. Walikataa kuyaita mashairi.

Roki ya progresivu haikuwa na Amri Abedi wake. Ilizaliwa kwa kuvunja hesabu: pale ambapo roki ya kawaida inahesabu mapigo 4, wao walihesabu 5, au 7, au walibadilisha hesabu katikati ya wimbo. Kwa hiyo wanaobishana leo wamelazimika kujitungia sheria wenyewe, na sheria iliyoota mizizi ni moja tu: albamu isiyo na dosari ni ile isiyo na wimbo wa kuruka. Ukiwahi kunyoosha kidole kuuruka hata mmoja, albamu imeanguka.

Sheria hii inavutia kwa wepesi wake. Lakini ina historia, na historia hiyo haisemwi. Kuruka wimbo kwenye santuri ilikuwa kazi: uinuke kitini, uinue sindano, uilenge kwenye ule ufito mwembamba unaotenganisha nyimbo, umwombe Mungu usikwaruze. Watu wengi waliona bora wakae tu. Kaseti nayo ilikuwa ya kupeleka mbele na kubahatisha. Ni CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, iliyotuletea kitufe cha kuruka, na simu zetu zimemalizia kazi. Maana yake ni kwamba kipimo tunachokitumia kuzihukumu albamu za mwaka 1972 ni kitufe ambacho watunzi wake hawakuwahi kukiona. Wao hawakutunga nyimbo nane za mtu kuchaguachagua kama maembe sokoni. Walitunga pande mbili.

Tuchukue kesi inayojulikana kuliko zote, ya Moonchild. In the Court of the Crimson King ilirekodiwa London katikati ya mwaka 1969, ikatoka Oktoba mwaka huohuo. Walikuwa vijana watano: Robert Fripp kwenye gitaa, Greg Lake kwenye sauti na besi, Ian McDonald kwenye filimbi, saksafoni na melotroni, Michael Giles kwenye ngoma, na Peter Sinfield aliyeandika maneno. Nyimbo ni tano tu. Upande wa kwanza haugombaniwi na mtu: 21st Century Schizoid Man inakupiga kofi, I Talk to the Wind inakupaka mafuta pale palipopigwa, na Epitaph inakuzika kwa heshima zote. Ukigeuza santuri ndipo unapokutana na Moonchild. Dakika mbili na nusu ni wimbo mtulivu, wa kuvutia kweli. Zinazofuata, zaidi ya tisa, ni wapigaji wakibahatisha kimyakimya, wanagusa na kuacha, wanagusa na kuacha, kama watu wanaopapasa ukutani kutafuta swichi gizani. Kisha ndipo inapoingia The Court of the Crimson King na melotroni yake kubwa.

Waliosema hiyo ni dosari wana shahidi ambaye huwezi kumtupa: Fripp mwenyewe. Kasha la Frame by Frame lilipotoka mwaka 1991, Moonchild iliyowekwa humo ilikatwa, ikabaki na ule wimbo mwanzoni tu. Mwaka 2009 albamu ilipotimiza miaka 40 na kuchanganywa upya na Steven Wilson pamoja na Fripp, sehemu ya kubahatisha ilipunguzwa tena, wimbo mzima ukashuka kutoka dakika 12 hadi 9 hivi. Yaani mtunzi amechukua mkasi mara mbili. Je, kesi imekwisha?

Kwa mwanafunzi wa fasihi haijaisha, na hapa naomba niseme kwa nini. Kwanza, mtunzi akishaitoa kazi anakuwa msomaji wake kama sisi, pengine msomaji mwenye wivu zaidi. Pili, nilijaribu. Nilikaa nikasikiliza albamu nzima kwa namna mbili, usiku mmoja Moonchild ikiwa nzima, usiku wa pili ikiwa imekatwa ikabaki zile dakika mbili na nusu. Ilipokatwa, Epitaph ilikaa karibu mno na wimbo wa mwisho. Zote mbili ni nyimbo za melotroni kubwa na huzuni kubwa, na zikikaribiana hivyo ya pili inasikika kama inairudia ya kwanza. Ilipokuwa nzima nilichoka, nalikiri hilo, dakika ya saba niliitazama saa. Lakini wimbo wa mwisho ulipoingia ulinikuta na njaa. Sikio lilikuwa limefutwa. Shakespeare katika Macbeth anamleta bawabu mlevi mara tu baada ya mfalme kuuawa, na wahakiki wa zamani waliona bawabu yule ni aibu, wakatamani asiwepo. Mtoe uone jinsi mauaji yale yanavyopungua uzito. Kwa hiyo hukumu yangu ni ya nusu kwa nusu: dakika tisa ni nyingi, mkasi wa 2009 haukuwa wa dhuluma, ila mkasi wa 1991 uliondoa nguzo kwa kudhani ni pambo.

Kuna jambo la pili ambalo sheria ya kuruka inalificha, nalo ni ukubwa wa chombo. Santuri ndefu, ile ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, ilitolewa na kampuni ya Columbia ya Marekani mwaka 1948. Upande mmoja hubeba dakika 20 hivi, 22 ukipenda. Ukizidisha sana, mifereji inabidi ibanwe, na sauti inashuka na kukonda. Hili si jambo la mafundi mitambo tu, ni jambo la muundo, kama vile beti na mizani zilivyo muundo kwetu. Nani aliyeamua kwamba hadithi kubwa ya kimuziki iwe ya dakika 18 au 20? Hakuamua mtunzi, iliamua plastiki.

Yes ndio waliofaidi plastiki hiyo kuliko wote, na ndio walioadhibiwa nayo. Close to the Edge, iliyorekodiwa katika studio ya Advision London na kutoka Septemba 1972, ina vipande vitatu tu. Kipande kinachobeba jina la albamu kinaujaza upande wa kwanza wote, dakika 18 na ushei. And You and I na Siberian Khatru zinagawana upande wa pili. Ukisikia ilivyotengenezwa utashangaa ilivyosimama. Hawakuwa na wimbo kamili mkononi walipoingia studio. Walirekodi vipande vidogovidogo, na fundi wao Eddie Offord akaunganisha tepu kwa wembe na gundi. Inasimuliwa hata kwamba kipande kimoja cha tepu kilitupwa na mfagiaji, ikabidi kitafutwe kwenye taka. Kinanda cha kanisa kinachosikika katikati Rick Wakeman alikipiga katika kanisa la St Giles, Cripplegate. Bill Bruford, mpiga ngoma, alichoka na ujenzi huo wa tofali kwa tofali hadi akaacha bendi mara kazi ilipokwisha, akahamia King Crimson. Pamoja na hayo yote, sikiliza jinsi ndege na maji ya mwanzoni yanavyorudi mwishoni. Hakuna kiungo kilicholegea. Kifani, kama kuna albamu moja ya miaka hiyo ambayo ningeshindwa kuiandikia ile mistari miwili ya "kutofaulu", ni hii.

Kimaudhui je? Hapo ndipo wanafasihi tunapokunja uso. Jon Anderson alichota kwenye Siddhartha ya Hermann Hesse, ule mto na yule mtafutaji, lakini aliyachagua maneno kwa mlio wake kuliko kwa maana yake. Ukiyaandika kwenye karatasi na kuyapeleka kwenye semina yatachinjwa. Hilo neno "Khatru" lenyewe aliliimba kabla hajajua kama lina maana. (Sikio la Mswahili likilisikia linakimbilia "hatari". Ni bahati tu.) Mwenzangu mmoja anasema basi albamu ina dosari, kwa sababu fani bila maudhui ni ngoma bila mchezaji. Nimelifikiria sana hilo. Naona kosa liko kwenye karatasi. Maneno yale hayakutungwa yasomwe, na mhakiki anayeyang'oa kwenye sauti ni sawa na anayeihukumu nyimbo ya unyago kwa tafsiri yake ya Kiingereza.

Lakini mwaka uliofuata Yes wakazidiwa. Mwezi Machi 1973, wakiwa Tokyo, Anderson alisoma tanbihi moja katika kitabu cha maisha ya Paramahansa Yogananda, na kutokana na tanbihi hiyo ikaja Tales from Topographic Oceans: santuri mbili, pande nne, wimbo mmoja kila upande, dakika 80 na kitu. Wakeman hakuipenda. Husimulia mwenyewe jinsi alivyokula mchuzi wa kari jukwaani Manchester wakati wenzake wakiipiga, na mwaka 1974 akaondoka. Malalamiko yake, ambayo ameyarudia mara nyingi, ndiyo ninayoyataka hapa: walikuwa na muziki uliozidi santuri moja lakini usiotosha mbili, wakaujazia, na CD ingekuwapo siku zile wangetoa kitu cha dakika 50 na kila mtu angefurahi. Tazama basi. Dosari inayotajwa kuliko zote katika historia ya muziki huu ni dosari ya ukubwa wa ndoo.

Genesis walikosea kwa upande wa pili wa ndoo hiyohiyo. Selling England by the Pound (1973) ina dakika 53 zilizobanwa kwenye santuri moja. Jina lake lilitoka kwenye kaulimbiu ya chama cha Labour, na ndani yake kuna Uingereza inayojiuza vipandevipande. Kwa mhakiki anayetafuta maudhui, hii ndiyo chakula. Firth of Fifth ina mwanzo wa piano na gitaa la Steve Hackett ambalo sijachoka nalo, japokuwa Tony Banks, mmoja wa watunzi wake, amekiri kwamba maneno yake hayamridhishi. Tatizo ni The Battle of Epping Forest, karibu dakika 12 za magenge ya mashariki mwa London yakigombea mitaa. Peter Gabriel alipenda kisa hicho, akaandika maneno mengi mno, na muziki nao ulikuwa na noti nyingi mno. Vikakutana mlangoni, hakuna aliyempisha mwenzake. After the Ordeal, kipande kisicho na maneno kinachofuata baadaye, Banks hakutaka kiwemo. Vingetolewa viwili hivyo, sauti ya santuri yote ingenenepa. Hapa, na mimi nakuwa mkali: hii ni dosari halisi, kwa maana haikulazimishwa na chombo, ililazimishwa na watu watano kushindwa kuambiana hapana.

Kuhusu Emerson, Lake and Palmer sitasema mengi. Brain Salad Surgery (1973) ina Karn Evil 9, kipande cha dakika 30 hivi ambacho ilibidi kikatwe upande mmoja unapokwisha ili msikilizaji ageuze santuri, na ina Benny the Bouncer, kichekesho cha dakika mbili ambacho hata watetezi wao hukisemea chini chini. Bawabu mlevi tena? La. Bawabu wa Macbeth yuko ndani ya nyumba ile ile ya mauaji; Benny amekosea nyumba.

Aliyelielewa zaidi suala zima hili, nadhani, alikuwa Ian Anderson wa Jethro Tull. Wahakiki walipoiita Aqualung (1971) albamu ya dhana moja naye akakataa, aliamua kuwapa walichokitaka hadi wakinai. Thick as a Brick (1972) ni wimbo mmoja, dakika 40 na kitu, umekatwa katikati kwa sababu tu santuri ina pande mbili. Jalada lake ni gazeti zima la kijijini la kurasa 12, na gazeti hilo linatuambia kuwa maneno ya wimbo ni shairi la mtoto wa miaka minane, Gerald Bostock, aliyeshinda shindano la ushairi kisha akanyang'anywa ushindi baada ya watu kulalamika. Mtoto huyo hajawahi kuwapo, ametungwa. Ndugu msomaji, fikiria ujanja huo. Albamu inayokejeli albamu kubwa inatokea kuwa albamu kubwa, inashika nafasi ya kwanza Marekani, na kwenye jalada lake kuna jopo la majaji waliotoa hukumu na kuigeuza. Ukitaka kuipa au kuinyima taji la "bila dosari", umeshachorwa kwenye katuni kabla hujafungua mdomo. Ndiyo maana katika ubishi wetu ni nadra kutajwa. Inatutazama.

Sasa nirudi kwenye kauli niliyoahidi kuifuta.

Nilipoitetea The Dark Side of the Moon nilikuwa na hoja nzuri. Dakika 43 hivi, mapigo ya moyo mwanzo na mwisho, nyimbo zimeshikana hata hujui pa kuruka, na kwa hiyo hata sheria ya kitufe inashindwa kuiangusha. Maudhui yake ni pesa, muda, wazimu, kifo, yaani mambo ambayo hayahitaji tanbihi ya mtu. Ilikaa kwenye chati ya albamu 200 ya Billboard kwa wiki 741 kati ya 1973 na 1988. Wapinzani wangu walisema inauzika mno kuwa sanaa. Hoja hiyo niliipuuza na bado naipuuza.

Kilichonishinda ni The Great Gig in the Sky, wimbo unaofunga upande wa kwanza. Richard Wright alikuwa na mfuatano wa kodi za piano, na bendi haikujua iweke nini juu yake. Jumapili moja ya Januari 1973 fundi Alan Parsons alimwita Clare Torry, mwimbaji wa studio mwenye umri wa miaka 25. Waliomwita walimweleza kwa ufupi tu, kwamba hawataki maneno. Alianza kuimba vijineno vya kawaida vya mapenzi, wakamkatiza. Ndipo akaamua kuifanya sauti yake kuwa chombo cha muziki. Akaimba mara chache, akalipwa pauni 30, akaenda zake bila hakika kama sauti yake itatumika. Wimbo uliotokea anaujua kila mtu aliyeisikia albamu: mwanamke anapigana na kifo bila neno hata moja, anashindwa, anakubali. Jina lake liliandikwa kwenye jalada kama mwimbaji. Kwenye nafasi ya mtunzi lilisomeka jina la Wright peke yake. Mwaka 2004 Torry alikwenda mahakamani, na mwaka 2005 pande mbili zikapatana, na tangu hapo jina lake linawekwa pamoja na la Wright kama watunzi.

Sisi tunaosoma fasihi simulizi hatuna kisingizio hapa. Muhula mzima tunafundishwa kwamba katika fasihi simulizi kutunga na kutenda mara nyingi ni tendo moja, kwamba Ruth Finnegan aliliandika hilo tangu mwaka 1970, kwamba mkusanyaji anayeandika hadithi ya bibi na kuweka jina lake mwenyewe kwenye jalada amefanya jambo la kulaumiwa. Tunajibu hivyo kwenye mtihani na tunapata alama. Halafu nikaisikiliza albamu hii miaka na miaka, nikaiita haina dosari, bila hata mara moja kujiuliza ile sauti ilitungwa na nani. Haikuandikwa noti. Haikupewa maneno. Nani basi aliyetunga, kama si aliyetoa sauti?

Nilimpelekea hoja hiyo yule mwenzangu wa Close to the Edge, yule wa ngoma bila mchezaji, nikitegemea afurahi kwa kuwa nimemwachia uwanja. Hakufurahi. Alisema: "Hilo si suala la muziki, bwana. Hilo ni suala la mahakama. Chukua nakala ya kabla ya 2005 na nakala ya sasa, uniambie ni noti gani iliyobadilika." Nikamwambia hakuna hata moja. Nikamwuliza tu kama, kwenye ile karatasi yake ya uhakiki, pale juu kabisa panapoandikwa "Mtunzi", angeandika jina gani kwa zile dakika nne na ushei.

Alikaa kimya kidogo, kisha akasema turudi kwenye Moonchild.